Dominika ya 23 ya Mwaka C: Mkono Ulioandika



Nawasalimu nyote mlioko majumbani, mlio njiani kwenda kigangoni, na hasa ninyi wagonjwa na wazee ambao kwa leo redio ndiyo kanisa lenu. Nawasalimu pia makatekista wetu, ambao baada ya muda mfupi mtasimama mbele ya waamini mahali ambapo padre hafiki kila Dominika.

Somo la pili la leo limetolewa katika Waraka wa Mtakatifu Paulo kwa Filemoni. Katika mzunguko wetu wa masomo wa miaka mitatu, waraka huu husomwa Dominika moja tu, nayo ndiyo hii ya leo. Ni mfupi kuliko nyaraka zake zote. Una mistari 25 tu. Paulo ni mzee, tena yumo kifungoni. Kifungoni humo amekutana na Onesimo, mtumwa aliyemkimbia bwana wake Filemoni, naye amemzaa katika imani. Sasa anamrudisha, na anamwomba Filemoni ampokee mtu huyu jinsi ambavyo angempokea Paulo mwenyewe.

Nimeutafakari waraka huu wiki nzima, na jambo moja limenigusa. Ukiutazama vizuri, hata kitabu huwezi kuuita. Ni karatasi ndogo ambayo rafiki amemwandikia rafiki yake. Kwa hiyo leo, ndugu zangu, naomba tutafakari pamoja jambo linaloonekana dogo sana: karatasi au kadi ambayo mtu anaitengeneza kwa mikono yake mwenyewe na kumpelekea rafiki.

Neno letu "karatasi" tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wayunani, ambao waliita "khartes" ukurasa uliotengenezwa kwa mafunjo. Neno hilohilo la Kiyunani lilipita kwa Warumi, likaenda Ulaya, na baadaye likatufikia kwa mlango mwingine, safari hii likiitwa "kadi". Basi karatasi na kadi ni watoto wa mama mmoja, ingawa walifika nyumbani kwetu kwa njia mbalimbali. Na mama yao tunamfahamu. Mafunjo ndiyo yale yaotayo katika mabwawa ya mto Kagera, ambayo watu wetu huyasuka mikeka na kuezekea. Wamisri wa kale waliyamenya, wakaupasua moyo wake vipande vyembamba, wakapanga tabaka moja wima na tabaka la pili likilala juu yake, wakayagandamiza na kuyaanika. Juu ya ukurasa wa namna hiyo ndipo zilipoandikwa nyaraka za Mitume. Neno la Mungu halikudharau kupanda juu ya jani la bwawani.

Lakini tazameni namna Paulo alivyoandika. Desturi ya siku zile ilikuwa mwenye barua aseme, na mwandishi aandike. Mmoja wa waandishi wake twamjua hata kwa jina: ni Tertio, aliyeandika Waraka kwa Warumi, naye akapenyeza salamu zake mwishoni. Hata hivyo, Paulo alikuwa na mazoea yake. Barua ilipokaribia kwisha, aliichukua kalamu. Alifanya hivyo kwa Wakorintho, kwa Wakolosai na kwa Wathesalonike. Na Wagalatia aliwaonyesha hata ukubwa wa herufi zake. Alitaka waione alama ya mkono wake.

Kwa Filemoni aliishika kalamu mahali pagumu kuliko pote. Mstari huo hausomwi leo kanisani, lakini mkirudi nyumbani fungueni mstari wa 19. Hapo Paulo anaandika kwa mkono wake kwamba kama Onesimo amemdhulumu Filemoni, au ana deni lake, yeye Paulo atalilipa. Mwandishi angeweza kuyaandika maneno hayo kwa mwandiko mzuri zaidi. Lakini mtu anayejitoa kulipa deni la mwenzake hawezi kuazima mkono wa mtu mwingine.

Ndugu zangu, jambo hili nililisoma darasani, lakini nililielewa huku kwetu Ngara. Wengi wenu mnaukumbuka mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco, mahali palipokuwa kimya, pakawa mji wa maturubai. Mimi wakati ule nilikuwa frateri. Likizo ilipofika, nilikwenda kusaidia watu wasiojua kuandika, ili wawatumie jamaa zao habari kupitia Msalaba Mwekundu.

Karatasi ile ya Msalaba Mwekundu ilikuwa na nafasi ya jina la mpelekaji na jina la mpelekewa, pamoja na majina ya wazazi, ili asitafutwe mtu mwingine. Haikutiwa gundi wala bahasha, kwa kuwa ilikuwa lazima iweze kusomwa na kukaguliwa njiani. Iliruhusiwa kubeba habari za familia tu: nani yuko hai, nani amezaliwa, nani hajulikani alipo.

Siku moja akaja mama mmoja mzee. Kwa kuwa Kihangaza chetu na Kinyarwanda ni lugha ndugu, tulielewana bila mkalimani. Alikuwa anamtafuta mwanawe wa kwanza. Akaniambia la kuandika, nami nikaandika: kwamba yuko hai, kwamba mguu wake umeanza kupona, kwamba yule mtoto wa mwisho yuko pamoja naye. Nikamsomea. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huu ni mwandiko wako, na yeye hakujui. Atajuaje kwamba ni mimi?"

Sikuwa na jibu. Ndipo akaunyosha mkono wake wa kushoto, akauweka juu ya karatasi, katika ile nafasi iliyobaki. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda, kwa sababu aliungua moto alipokuwa mtoto. Akaniambia, "Zungushia kalamu. Kidole hiki anakijua. Alikuwa akikichezea nikimnyonyesha." Nami nikauzungushia mkono ule kalamu, polepole, kidole baada ya kidole. Sikupata kujua kama karatasi ile ilimfikia mwanawe. Lakini naamini kwamba kama ilimfikia, hakuanza na maneno yangu. Alianza na kile kidole.

Wapendwa, kwa nini nawakumbusha mambo haya? Kwa sababu katika nyakati zetu mikono yetu imeanza kutoweka katika salamu zetu. Sikukuu inapofika, tunapokea kwenye simu maneno matamu yaliyotungwa na mtu tusiyemjua, nasi kwa kidole kimoja tunayasukuma kwa watu mia. Silaumu simu, imeokoa wagonjwa wengi, na imewaunganisha wazazi na watoto walio mbali. Wala silaumu kadi za dukani. Historia yake lakini inatufundisha kitu. Mwaka 1843, mjini London, bwana mmoja aitwaye Henry Cole alielemewa na barua za Krismasi alizotakiwa kuzijibu. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha, zikachapwa kadi 1,000, na hiyo ndiyo kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa. Tangu mwanzo, basi, kadi ya kuchapwa ilikuwa msaada kwa mtu aliyekosa nafasi. Hakuna dhambi kukosa nafasi. Lakini ikiwa hatuna nafasi kwa mtu yeyote, mwaka hata mwaka, hapo inafaa tujichunguze.

Huku Bukiriro kuna watoto wanaotufundisha njia nyingine. Wanatengeneza kadi kwa magome makavu ya mgomba, nami nimeketi nao nikajifunza. Mkungu ukishakatwa, shina la mgomba huachwa likauke, kisha magome yake huchunwa. Ya nje huwa na rangi ya kahawia iliyokolea, ya ndani huwa meupe-meupe kama majani makavu; na mtoto mwenye jicho zuri hupata rangi tano au sita katika shina moja bila kununua wino. Magome hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, yakanyoshwa chini ya kitu kizito, kisha hukatwa kwa wembe: hapa mama mwenye mtungi, pale ng'ombe wa pembe ndefu, pale nyumba na mti. Gundi ni uji mzito wa unga wa mhogo. Vipande hubandikwa juu ya karatasi ya manila iliyokunjwa, au jalada la daftari lililokwisha, na kadi hulala usiku kucha chini ya jiwe. Mwenye haraka huharibikiwa: gome lisilokauka vizuri huota ukungu, na kadi iliyoondolewa mapema chini ya jiwe hujikunja kama jani lililopigwa na jua.

Labda mtu atasema, "Padre, sisi ni maskini, hatuna vifaa." Ngoja nikusimulie. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, huko Chekoslovakia, mtoto wa miaka saba aitwaye Jitka Samkova alitaka kuwashukuru UNICEF kwa msaada ambao kijiji chao kilikuwa kimepata. Karatasi hazikupatikana. Akachora picha yake juu ya kipande cha kioo: watoto wenye furaha wakicheza kuuzunguka mlingoti. Mwaka 1949 picha ile ikawa kadi ya kwanza ya UNICEF, na kadi zilizoifuata zimeleta fedha za kuwasaidia watoto wengi duniani. Anayetaka kushukuru hupata mahali pa kuandikia.

Sasa ndugu zangu, nisijifanye mwalimu mwema. Ninayo kosa langu la kuungama mbele yenu.

Nilipotimiza miaka 20 ya upadre, waamini waliniletea zawadi na kadi nyingi. Nyingine zilikuwa kubwa, zenye maandishi ya dhahabu. Miongoni mwake ilikuwamo moja ya magome ya mgomba, kutoka kwa rafiki yangu wa utotoni, mkulima, ambaye tuliketi dawati moja katika shule ya msingi. Alikuwa ametengeneza picha ya watoto wawili wakiswaga mbuzi. Yaani mimi na yeye. Gundi ilikuwa imevuja pembeni, na jina langu lilikuwa limekosewa herufi moja. Zile kadi kubwa nilizipanga juu ya kabati sebuleni, mgeni akiingia azione. Hii ya rafiki yangu niliiweka mezani, nikijiambia nitaitafutia mahali. Sikuitafutia. Siku moja iliwekewa birika la chai, nami nikaliona, nikaliacha hapohapo.

Baada ya wiki kadhaa rafiki yangu akaja kunisalimu. Alikaribishwa chai. Birika liliponyanyuliwa, aliiona kadi yake, ina duara la maji juu ya wale watoto wawili. Hakusema neno. Alikunywa chai yake yote, akaulizia afya yangu, akaaga. Hakuja tena kwa muda wa miezi saba.

Nami nilifanya nini? Nilijitetea moyoni. Nilisema, ni kikaratasi tu. Nilisema, mtu mzima hawezi kununa kwa ajili ya kikaratasi. Wakati huohuo Dominika kwa Dominika nilikuwa nikipanda altareni na kuwahubiria watu wapatane kabla ya kuleta sadaka zao. Mwishowe nikatambua kwamba alichokiona chini ya birika hakikuwa karatasi. Aliuona mkono wake mwenyewe, pamoja na jioni zile ambazo aliketi kando ya taa baada ya kutoka shambani, akinikumbuka. Mimi nilikuwa nimeweka birika juu ya jioni zake.

Nikaazimia kumwomba radhi. Kwanza nilitaka kumpigia simu, lakini kila nilipoishika nilijikuta natunga maneno ya kujitetea. Basi nikaenda kwa wale watoto, nikaomba magome na wembe. Jaribio la kwanza lilichanika. La pili liliota ukungu, kwa maana sikuwa na subira. La tatu likafaa kidogo: watoto wawili tena, na mbuzi mmoja ambaye ungeweza kudhani ni mbwa. Ndani niliandika kwa mkono wangu kwamba nilimkosea, na sikuongeza "lakini". Nikaenda kwake kwa miguu, nikamkabidhi.

Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Padre, gundi hii umeipaka kama mtu anayekandika ukuta." Tukacheka wote wawili, naye akaniita ndani. Kadi ile ameibandika ukutani karibu na msalaba. Ya kwake, yenye duara la maji, ninayo katika Breviari yangu hadi leo, na ninapofungua sala ya jioni inanikumbusha mimi ni nani.

Wapendwa, katika Injili ya leo Bwana wetu anatuambia kwamba mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza, akapiga hesabu ya gharama. Anatuambia pia kwamba asiyekubali kuachana na vyote alivyo navyo hawezi kuwa mfuasi wake. Tukisikia hivyo, tunawaza mara moja fedha na mashamba. Mimi nilipoketi na kupiga hesabu, niligundua kwamba mali niliyoshindwa kuiacha ilikuwa kiburi changu. Kiburi kile kilikuwa ghali zaidi ya kadi zote za dukani, nacho kilinigharimu rafiki kwa miezi saba. Filemoni naye aliombwa aache kitu kizito: haki ambayo sheria ya wakati ule ilimpa juu ya Onesimo. Aliombwa hayo kwa karatasi ndogo tu, iliyokuwa na mkono wa rafiki ndani yake. Nasi tunaisoma hadi leo. Filemoni angeichana au kuifungia kwa hasira, kazi ya Paulo ingepotea; lakini ilitunzwa.

Basi nawaombeni mambo mawili kwa juma hili. La kwanza: kila mmoja wetu afikirie mtu mmoja, mmoja tu, ambaye ukimya umeota kati yake naye kama magugu. Huenda ni jirani mliyegombana juu ya mpaka wa shamba. Huenda ni dada yako, kwa ajili ya maneno yaliyosemwa msibani. Keti, tengeneza karatasi kwa mkono wako. Asiyejua kuandika achore. Asiyejua kuchora aweke mkono wake na mtoto amzungushie kalamu. Usiandike mengi. Ukiomba radhi, usiongeze "lakini". Kisha, ikiwezekana, mpelekee mwenyewe, kwa kuwa Paulo naye, baada ya kuandika, alimwomba Filemoni amtayarishie chumba. Barua njema huishia mlangoni kwa mtu, ikabisha hodi.

La pili nawaambia wazazi na makatekista. Mtoto akikuletea karatasi aliyoikata na kuibandika, usiitupe mbele yake, wala usimcheke kwa sababu mbuzi anafanana na mbwa. Mwulize, "Hii umemtengenezea nani?" Makatekista, mnapowafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu, watengeneze kadi kwa ajili ya wagonjwa wa jumuiya ndogo ndogo, kisha mwende nao kuzipeleka. Mtoto aliyemkabidhi bibi kipofu kadi, na kuyaongoza mapapasio ya vidole vyake juu ya magome, amejifunza sura nzima ya katekisimu ambayo ubao hauwezi kuibeba.

Mwisho, tusisahau kwamba sisi wenyewe, kadiri ya fundisho la Mtume Paulo kwa Wakorintho, ni barua ya Kristo, iliyoandikwa na Roho wa Mungu ndani ya mioyo. Mungu hakutuchapa kwa maelfu na kutusambaza. Alitufanya mmoja mmoja kwa mkono wake, na wengine tuna kidole kilichopinda, wengine gundi imevuja pembeni. Naye haoni aibu kutuweka karibu na msalaba wa Mwanae.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyetuumba kwa mikono yako, utujalie mikono isiyochoka kuwakumbuka rafiki, na mioyo isiyoona aibu kuomba radhi. Uwakumbuke wote waliotawanywa na vita, wanaongoja hata leo habari za watu wao. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakia Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo!